Modeli Huacha Nini Nje? Kutoka Chembe za Atomu hadi Samaki wa Tanganyika na Lugha Zetu

Utangulizi

Katika somo la tafsiri tulipewa aya moja ya Kifaransa kutoka kitabu cha fizikia. Aya yenyewe ilikuwa fupi, lakini neno moja lilitushika kipindi kizima: neno *modèle*. Mwanafunzi wa kwanza alilitafsiri "mfano". Wa pili akasema hapana, ni "kielelezo". Wa tatu akatetea "ruwaza". Wa nne akasema tuandike tu "modeli", kwani kila mtu ataelewa. Kengele ilipolia tulikuwa hatujaafikiana. Tukiwa tunatoka, mwanafunzi mmoja aliyekuwa kimya muda wote aliuliza swali lililostahili kuulizwa mwanzoni: "Lakini mwalimu, hicho kitu chenyewe kinafanya kazi gani?"

Makala hii inanuia kulijibu swali hilo. Mwandishi ni mwalimu wa lugha, si mwanafizikia, kwa hiyo msomaji asiogope: hamna mlinganyo hata mmoja humu. Tutakachofanya ni kuifuata aina moja ya modeli katika safari yake. Tutaanza kwenye sumaku, tutapita kwenye chembe ndogo kuliko atomu, tutakwenda kwenye uzee, kisha kwenye samaki wa ziwa letu, na mwisho tutarudi kwenye lugha, ambayo ndiyo kazi yetu. Katika kila kituo tutauliza swali lile lile: modeli hii imeacha nini nje?

Ramani ya jiji

Tuanze na kitu tunachokijua. Chukua ramani ya Bujumbura. Utaona Mto Ntahangwa, barabara kuu, Buyenzi, Bwiza, Kinama, bandari na ufuko wa ziwa. Hutaona vumbi la mwezi wa nane. Hutasikia moshi wa mukeke anayechomwa jioni. Milango ya nyumba haimo, wala watu wenyewe. Je, ramani hiyo ni ya uongo? La. Ni ramani nzuri kwa sababu imeacha mambo mengi. Ramani ambayo ingeonyesha kila kitu ingekuwa kubwa kama jiji lenyewe, na isingemsaidia mgeni yeyote kufika sokoni.

Modeli ni kitu cha namna hiyo. Mwanasayansi anachagua mambo machache anayodhani ndiyo yanayoendesha jambo fulani, anayapa kanuni, anaacha mengine yote, kisha anatazama kama kanuni hizo chache zinatoa matokeo yanayofanana na ya dunia halisi. Hapa ndipo neno "mfano" linapotupotosha. Embe ni mfano wa tunda. Ni moja kati ya mengi. Lakini ramani ya Bujumbura si mfano wa Bujumbura. Haimo katika kundi la majiji. Ni kitu kingine kinachosimama badala ya jiji kwa kazi maalumu.

Kituo cha kwanza: sumaku na chembe

Mwaka 1920, mwanafizikia Mjerumani Wilhelm Lenz alipendekeza njia rahisi ya kufikiri juu ya sumaku, na akampa mwanafunzi wake Ernst Ising aifanyie kazi. Kila chembe ya chuma inachukuliwa kuwa sumaku ndogo sana yenye hali mbili tu: inatazama juu au inatazama chini. Kanuni ni mbili. Kwanza, kila chembe inapenda kutazama upande wanaotazama majirani zake. Pili, joto linazitikisa chembe na kuzigeuza ovyo. Basi. Kutu, umbo la kipande cha chuma na mengineyo yote yameachwa nje.

Tunaweza kuiwaza darasani. Wanafunzi wamesimama kwa mistari, kila mmoja anatazama ubao au ukuta wa nyuma. Kila mmoja anamwiga jirani. Kukiwa kimya, baada ya muda darasa zima litatazama upande mmoja. Kukiwa na kelele nyingi, kila mtu anageuka kivyake na hakuna mwelekeo. Chuma hufanya hivyo hivyo: kikipashwa moto kupita nyuzi 770 za Selsiasi kinapoteza usumaku wake.

Ising alichapisha jibu lake mwaka 1925. Alichunguza chembe zilizopangwa kwenye mstari mmoja tu, akakuta kwamba hazipati mwelekeo wa pamoja. Kisha akadhani kuwa hata zikipangwa kwa mapana na marefu mambo yatakuwa yale yale. Hapo alikosea. Kwenye mstari mmoja, mtu mmoja akigeuka anakata mawasiliano kati ya pande mbili. Kwenye uwanja, habari huzunguka na kupitia kwa majirani wengine. Mwaka 1944 Lars Onsager alithibitisha kwa hesabu kamili kwamba kwenye uwanja bapa mwelekeo wa pamoja hupatikana. Kumbe Ising alikuwa ameacha nje kitu kisichopaswa kuachwa: idadi ya majirani. Modeli yenyewe ilibaki na jina lake, na leo ni miongoni mwa modeli zinazofundishwa sana katika fizikia.

Kutoka hapo modeli za namna hii zilipanda hadi kwenye fizikia ya nishati ya juu, yaani tawi linalochunguza chembe ndogo kabisa. Ndani ya kiini cha atomu mna protoni, na ndani ya protoni mna kwaki. Nguvu inayozifunga kwaki ni kali mno, kiasi kwamba mbinu za kawaida za hesabu zinashindwa. Mwaka 1974 Kenneth Wilson wa Marekani alipendekeza kuigawa nafasi na wakati katika vidoto vilivyopangwa kama nyavu, kila kidoto kikiathiriana na majirani zake, na baadaye kompyuta zikatumiwa kupiga kura za bahati mara nyingi mno hadi jibu lipatikane. Ukiitazama kwa makini utaona ni jamaa wa karibu wa darasa letu la wanafunzi wanaogeuka. Mwaka 2008 watafiti waliotumia njia hii walichapisha uzito wa protoni na chembe nyingine waliouhesabu kutoka kwenye nadharia, na ulikaribiana sana na uzito uliopimwa maabara.

Lakini nafasi si wavu. Wilson alijua hivyo. Ndiyo maana wanaotumia njia yake hupunguza matundu ya wavu hatua kwa hatua na kutazama kama jibu linatulia. Hili ni somo kubwa: mjenzi mwaminifu wa modeli anajua alichokiacha, na ana njia ya kukirudisha polepole ili aone kama kilikuwa na uzito.

Kwa wanafunzi wetu wanaodhani kwamba mambo haya yako mbali, tukumbuke kwamba hapo Kigali, katika Chuo Kikuu cha Rwanda, mwaka 2018 ilianzishwa Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Msingi, mshirika wa kituo cha fizikia ya nadharia cha Trieste nchini Italia kilichoanzishwa na Abdus Salam mwaka 1964. Fizikia ya nishati ya juu ni miongoni mwa masomo yake.

Kituo cha pili: daftari la kurasa 32

Mwaka 1995 mwanafizikia wa Brazili, Thadeu Penna, alichapisha modeli ya uzee. Alichukua wazo la hali mbili, akaliingiza katika biolojia. Nitalieleza kwa njia ya daftari, ikaye kwa Kirundi, kwa sababu ndiyo njia iliyonisaidia mimi mwenyewe kulielewa.

Kila kiumbe anazaliwa na daftari la kurasa 32, ukurasa mmoja kwa kila mwaka wa maisha yake. (Idadi ni 32 kwa sababu kompyuta za wakati ule zilizoea kushughulikia tarakimu 32 kwa mkupuo.) Kila ukurasa una alama moja kati ya mbili: sifuri, yaani hauna kosa, au moja, yaani una kosa. Kiumbe anafungua ukurasa mmoja kila mwaka. Makosa yaliyofunguliwa yakifika idadi fulani, kwa kawaida matatu, anakufa. Akifikia umri wa kuzaa, kila mwaka anapata watoto, na kila mtoto ananakili daftari la mzazi wake. Kama ilivyo kwa wanafunzi wanaonakili kutoka ubaoni, kunakili huongeza kosa, na ukurasa litakapoangukia huamuliwa kwa bahati. Mwisho, chakula na nafasi havitoshi wote, kwa hiyo idadi ikizidi baadhi hufa bila kujali daftari lao.

Sasa itazame kazi ya kanuni hizi. Kosa likiangukia kurasa za mwanzo, kiumbe yuko hatarini kabla hajazaa, na daftari lake haliachi nakala. Kosa likiangukia kurasa za mwisho, kiumbe ameshazaa; nakala zenye kosa hilo zimeshasambaa. Walimu tunalijua jambo hili. Makosa katika kurasa za mwanzo za daftari la mwanafunzi husahihishwa mapema kwa sababu majaribio huanzia huko. Makosa ya kurasa za mwisho hayagunduliwi, kwa kuwa muhula huisha kabla hatujafika. Mwaka unaofuata mdogo wake analirithi daftari, pamoja na makosa ya mwisho. Baada ya miaka mingi, kurasa za mwanzo ni safi na za mwisho zimejaa makosa. Hapo ndipo uzee ulipo.

Wazo la makosa yanayolundikana si la Penna. Lilielezwa na Peter Medawar, mwanabiolojia Mwingereza, mwaka 1952. Alichofanya Penna ni kuligeuza kuwa kanuni chache ambazo kompyuta inaweza kuziendesha kwa mamilioni ya viumbe. Na kompyuta ilipoendeshwa, kilitokea kitu ambacho hakikuwekwa humo kwa makusudi: hatari ya kufa ilipanda kwa kuzidishwa, si kwa kujumlishwa, kadiri umri ulivyosonga. Hiyo ndiyo sheria aliyoigundua Benjamin Gompertz mwaka 1825 alipochunguza takwimu za vifo vya watu. Kwa binadamu wazima, hatari hiyo huongezeka mara mbili takriban kila miaka minane. Modeli hiyo hiyo, ikielekezwa kwamba kiumbe anazaa mara moja tu maishani, hutoa viumbe wanaokufa wote muda mfupi baada ya kuzaa, kama wafanyavyo samaki aina ya salmoni wa Bahari ya Pasifiki.

Afrika Mashariki ina viumbe wanaofaa kuipima modeli hii. Unguja kuna samaki mdogo aitwaye kitaalamu *Nothobranchius guentheri*, anayeishi katika madimbwi ya mvua. Dimbwi likikauka wakubwa hufa, na mayai hubaki katika tope hadi mvua irudi. Ndugu yake wa Zimbabwe na Msumbiji huzeeka na kufa kwa miezi michache hata akifugwa kwenye maji yasiyokauka. Anayeuawa na kiangazi kila mwaka hana sababu ya kusahihisha kurasa za mbele. Huyu anaiunga mkono modeli. Lakini Kenya, Ethiopia na Somalia kuna fuko asiye na manyoya, mnyama mdogo kama panya, anayeweza kuishi zaidi ya miaka 30. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 ulidai kwamba hatari yake ya kufa haipandi na umri kama Gompertz alivyosema. Wapo waliobishana na dai hilo, lakini linatukumbusha yaliyoachwa nje ya daftari: miili hujirekebisha, na makosa yote hayana uzito sawa.

Zoezi la darasani

Modeli ya Penna inaweza kuchezwa bila kompyuta. Kila mwanafunzi achore visanduku 10 vitupu katika karatasi. Andikeni namba 1 hadi 10 katika vikaratasi na kuviweka katika kikombe. Nusu ya darasa wasimame. Hao ni hai. Mwalimu akipiga makofi, kila aliye hai anaongeza umri wake kwa mwaka mmoja na kufungua kisanduku kinachofuata. Atakayefikisha makosa matatu yaliyofunguliwa, au atakayemaliza visanduku vyote, anakaa. Kuanzia umri wa miaka mitatu, kila aliyesimama anamwinua mmoja wa waliokaa kuwa mtoto wake, kama nafasi ipo. Mtoto ananakili visanduku vya mzazi, anachukua kikaratasi kimoja katika kikombe, na kutia alama ya kosa kwenye kisanduku chenye namba hiyo. Kikaratasi kinarudishwa.

Baada ya mizunguko 20 au 30, kusanyeni karatasi za walio hai na kuhesabu makosa katika kila kisanduku. Msishangae kama hesabu za darasa moja zitayumba. Darasa ni dogo na bahati ina nguvu. Rudieni mara kadhaa na makosa yataonekana yakisogea kuelekea mwisho. Faida nyingine ni ya lugha: mwanafunzi atalazimika kutumia hali ya masharti ("akifikisha", "asipofikisha"), ya kutendwa na ya kutendesha, akiwa na sababu ya kweli ya kuzitumia.

Kituo cha tatu: samaki wa ziwa letu

Ziwa Tanganyika lina umri wa kati ya miaka milioni 9 na 12, na kina chake hufikia mita 1,470. Ndagala na mukeke tunaowala hawatuhusu leo. Tunaowahitaji ni wa jamii ya sikilidi, ndugu wa tilapia, wengi wao wakiwa wadogo na wenye rangi, wanaoishi kwenye miamba. Zipo takriban spishi 240 katika ziwa hili, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Wapenzi wa samaki wa mapambo katika Ulaya na Marekani waliwafahamu kwa sehemu kubwa kupitia Bujumbura, ambako Mbelgiji Pierre Brichard alifanya biashara ya kuwasafirisha na kuandika vitabu juu yao. Spishi kadhaa zina jina lake.

Spishi moja huzaaje mbili? Njia ya kwanza ni mpaka. Samaki wa jina la *Tropheus* hukaa kwenye mawe na hawapendi kuvuka mchanga. Kipande cha ufuko wa mchanga kwao ni kama mlima. Zaidi ya hayo, uso wa ziwa umewahi kushuka kwa mamia ya mita zamani, ukatenga makundi na baadaye kuyakutanisha. Ndiyo maana *Tropheus* wana rangi nyingi sana zinazobadilika kutoka ufuko hadi ufuko.

Njia ya pili ni ngumu zaidi kueleweka: kugawanyika mkiwa mahali pamoja bila mpaka wowote. Wanafizikia wa Brazili na mwenzao wa Köln, Ujerumani, Dietrich Stauffer, walilijaribu hili mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa kuipanua modeli ya Penna. Waliongeza mambo mawili katika daftari: umbile linaloamua kiumbe anafaa kula nini, na tabia ya kuchagua mwenzi. Tuseme kuna vyakula viwili, kikubwa na kidogo, na mwenye mdomo wa kati hafaidi chochote vizuri. Kama wanachanganyika ovyo, kila kizazi mdomo mkubwa na mdogo huzaa wa kati, na mgawanyiko haudumu. Lakini tabia ya kumchagua anayefanana nawe ikitokea na kurithiwa, wa kati wanapungua, na makundi mawili yanaachana. Chakula peke yake hakitoshi, wala uchaguzi peke yake. Vinahitajiana.

Uchaguzi huo hutegemea macho, na hapa modeli inageuka kuwa onyo. Katika Ziwa Viktoria kuna samaki wawili ndugu, *Pundamilia pundamilia* na *Pundamilia nyererei*. Majina hayo ya kitaalamu yana Kiswahili ndani yake, na la pili linamkumbuka Mwalimu Nyerere. Dume wa kwanza ana rangi ya samawati, wa pili ana nyekundu. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wao: jike anamtambua dume wake kwa rangi, lakini akiwekwa chini ya mwanga usioonyesha tofauti ya rangi hizo, hachagui tena. Na ziwani, mahali ambapo maji yamechafuka, rangi zimefifia na spishi ni chache. Maji machafu hayahitaji kumwua samaki ili kuifuta spishi. Yanatosha kumfumba macho.

Sisi tunaoishi kando ya Tanganyika tuna sababu ya kulifikiria hili. Kila mvua kubwa inaponyesha, mito inayopita jijini inashusha udongo mwekundu ziwani. Utafiti uliochapishwa mwaka 1993 kuhusu ufuko wa ziwa letu ulionyesha kwamba mahali ambapo udongo mwingi unaingia kutoka milima iliyokatwa miti, spishi za samaki wa miambani ni chache kuliko mahali palipohifadhiwa.

Na modeli za kompyuta zimeacha nini nje? Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Basel na wenzao walichapisha uchunguzi wa jeni za karibu spishi zote za sikilidi wa Tanganyika. Walithibitisha kwamba mtawanyiko huo ulitokea ndani ya ziwa lenyewe, lakini maumbile hayakubadilika kwa mwendo mmoja. Yalibadilika kwa vipindi vya kasi, kila kiungo na kipindi chake. Modeli yenye chakula cha aina mbili na ziwa lisilobadilika isingetuambia hivyo.

Kituo cha nne: lugha

Safari yetu inaishia nyumbani. Mwaka 2003 Daniel Abrams na Steven Strogatz walichapisha modeli ya kufa kwa lugha. Ni mara nyingine tena mambo mawili: kila mtu anazungumza lugha ya kwanza au ya pili. Watu huhama kutoka lugha moja kwenda nyingine kwa kutegemea idadi ya wazungumzaji na hadhi ya lugha. Waliilinganisha na takwimu za Kiwelisi, Kigaeli cha Uskoti na Kikechua, na mistari ikakaribiana vizuri na takwimu. Hukumu ya modeli ilikuwa kali: lugha mbili zikishindana, hatimaye moja humeza nyingine, isipokuwa hatua zichukuliwe kuipandisha hadhi ile dhaifu. Muda si mrefu baadaye Stauffer na mwenzake Christian Schulze walitengeneza modeli nyingine, wakiiandika kila lugha kama mfuatano wa sifuri na moja, jamaa wa daftari la Penna. Kila tarakimu ilisimama kwa sifa moja ya sarufi.

Sasa tumchukue mtoto wa Buyenzi. Nyumbani anaongea Kirundi na bibi yake, barabarani anaongea Kiswahili na wenzake, shuleni anaandika Kifaransa. Tumweke wapi katika modeli ya Abrams na Strogatz? Hana kisanduku. Walimwacha nje, na kwa uaminifu walisema kwamba wamewaacha wazungumzaji wa lugha mbili ili kurahisisha hesabu. Mwaka 2005 Jorge Mira na Ángel Paredes wa Galisia, Uhispania, walimrudisha. Waliongeza kundi la tatu la watu wenye lugha zote mbili, na pia kipimo cha kufanana kwa lugha. Hukumu ikabadilika: lugha zinazofanana vya kutosha zinaweza kuishi pamoja bila moja kuimeza nyingine.

Msomaji ataona mara moja kwa nini jambo hili linatugusa. Kiswahili kina *watu*, Kirundi kina *abantu*. *Maji* na *amazi*, *mvua* na *imvura*, *nyama* na *inyama*. Sisemi kwamba Mira na Paredes wametabiri hali ya Bujumbura, hawakuichunguza. Lakini tangu Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, wapo wanaouliza kwa hofu kama Kiswahili kitaimeza Kirundi, na wapo wanaouliza kama Kifaransa na Kiingereza zitakimeza Kiswahili chetu. Maswali yote mawili yamekwisha kudhani kwamba mtu ana nafasi ya lugha moja tu kichwani. Hiyo ni modeli, hata kama anayeuliza hajui kwamba anayo. Na ilichokiacha nje ni sisi wenyewe.

Hitimisho

Basi turudi kwenye lile neno. Pendekezo langu ni hili: tuseme "modeli" kwa kile tulichokieleza hapa, "mfano" tuuache kwa kimoja kati ya vingi, "kielelezo" tukitumie kwa mchoro, picha au chati inayofafanua, na "ruwaza" kwa mpangilio unaojirudia. Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ilituonyesha kwamba kazi ya istilahi za sayansi katika Kiswahili inawezekana. Kuiendeleza ni juu yetu walimu na wanafunzi.

Lakini tafsiri si mwisho wa kazi. Siku mtaalamu atakapokuja na grafu inayosema lugha fulani itakufa, au ziwa litastahimili, au watu wataishi miaka kadha, mwalimu wa lugha asijione kwamba hana la kusema. Ana swali, tena ni swali la Kiswahili chepesi: "Umeacha nini nje, na ukikirudisha kitu hicho, jibu lako linabaki pale pale?"

Msamiati

Modeli: mfumo wa kanuni chache unaosimama badala ya jambo halisi ili kulichunguza.
Kwaki: chembe zinazounda protoni na nyutroni.
Jeni: sehemu ya urithi inayopitishwa kutoka mzazi hadi mtoto.
Spishi: kundi la viumbe wanaozaana wao kwa wao na kupata watoto wanaoweza kuzaa.
Sikilidi: jamii ya samaki wa maji baridi ambamo tilapia wamo.

Maswali ya kujadili

1. Taja modeli moja unayoitumia kila siku bila kuiita hivyo. Imeacha nini nje?
2. Katika modeli ya Penna, ingekuwaje kama viumbe wangeendelea kuzaa hadi ukurasa wa 32? Toa sababu.
3. Lahaja mbili huwa lugha mbili lini? Linganisha na samaki wa *Tropheus* wanaotenganishwa na mchanga, na *Pundamilia* wanaotenganishwa na macho.
4. Chora modeli ya lugha za mtaani kwako yenye nafasi kwa kila mtu. Unahitaji makundi mangapi?